Umeona kindege kinasimama hewani kwenye ua? Namna ya kujua kama ni chozi au ni nondo

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo anayekaa Njiro, Arusha, kanitumia vidio ya sekunde kumi na moja, chini kaandika "kaka shikamoo, leo nimepata hamingbadi hapa nyumbani, niangalizie". Nikaiangalia, nikairudia. Kuna kitu cha kahawia kimesimama hewani mbele ya petunia za dirishani, kinaingiza kitu chembamba kwenye ua, kinatoa, kinahamia ua la pili, mabawa huyaoni kabisa ni ukungu tu pembeni. Kitu kizuri sana jamani, mi mwenyewe sijawahi kuchoka kukiangalia. Ila sio hamingbadi, na wala sio ndege. Ni nondo.

Nimeona niandike yote sehemu moja, maana kila mvua za vuli zikinyesha maua yakifunguka, kuanzia Ngaramtoni mpaka Marangu, naulizwa hili hili, na kwa kweli ukishajua pa kutupia jicho unajijibu mwenyewe hapo hapo barazani kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Kwanza hamingbadi tumtoe kwenye hesabu. Hao ndege, wengine kwa Kiswahili wanawaita ndege wavumaji, porini wanaishi bara la Amerika peke yake, kuanzia Alaska mpaka kule chini kabisa Chile. Afrika hayupo hata mmoja. Kwahiyo ukiwa Sakina au Kiboriloni ukaona kitu kidogo kinafyonza mbochi, yaani ule utamu wa ndani ya ua, mara nyingi unachagua kati ya wawili: chozi, ambaye ni ndege, na nondo wa familia inayoitwa Sphingidae, ambaye ni mdudu. Nyuki na vipepeo unawajua tayari, siwagusi.

Usianze na rangi, anza na miguu

Watu wote wanaanza na rangi na ndo maana wanapotea. We angalia kitu kimoja kwanza: ametua au hajatua?

Chozi anatua. Anashika kijiti kwa miguu yake miwili, anainama, anapinda shingo, anachomeka mdomo kwenye ua. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, kwetu Uru ukitaka kumuona vizuri kaa chini ya mgomba wenye ua, lile la zambarau linaloning'inia, utamuona anakuja anashika ganda lililofunuka, anajining'iniza kichwa chini miguu juu, anapitisha mdomo kwenye vile viua vidogo vya njano vilivyojipanga mstari, kimoja kimoja bila kuruka hata kimoja, alafu anaruka kwenye mgomba mwingine huku anapiga kelele tsip tsip tsip. Anaweza kusimama hewani, sikatai, kama ua halina pa kushika anapiga mabawa hapo sekunde mbili tatu, lakini ni kazi nzito kwake na utaona mara moja anatafuta pa kukanyaga. Na ua likiwa refu kuliko mdomo wake anakaa pembeni analitoboa kwenye kitako, anakunywa bila kugusa chavua. Ukikuta ua lako lina tundu dogo pale chini linapoungana na kikonyo, chozi ni mmoja wa kushukiwa.

Nondo wa aina hii hana habari ya kutua. Anafika, anasimama hewani kama kafungwa kwa uzi usioonekana, anakunywa, anarudi nyuma kidogo, anasogea pembeni, anaingia ua jingine, na hivyo hivyo mpaka anaondoka. Hesabu maua matano. Kama yote matano kanywa hewani na hajakanyaga popote, andika nondo.

Alafu mdomo. Hapa ndo penye uhakika kabisa, na subiri wakati anaondoka, sio wakati anakula, maana wakati anakula wote wawili wana kitu chembamba kimezama kwenye ua na huwezi kujua. Mdomo wa chozi ni mgumu, umepinda kuelekea chini, akiondoka anaondoka nao, unauona mbele ya uso wake vile vile. Wa nondo ni mrija laini kama uzi, na akishamaliza anauviringa chini ya kichwa kama mkeka unavyokunjwa, ukimuangalia anahama ua moja kwenda lingine utaona ulikuwepo mara haupo, akikaribia ua jingine unakunjuka tena. Mdogo wangu alipoirudisha vidio yake polepole aliliona hilo mwenyewe, sekunde ya saba.

Cha tatu ni kichwa. Nondo ana vipapasio viwili vimesimama juu ya macho, vinene kidogo. Hakuna ndege mwenye vipapasio, hakuna kabisa, ukiviona umemaliza kazi.

Sasa kilichomdanganya dogo ni mkia. Na kumdanganya ni haki, kwasababu yule nondo mdogo wa mchana, Macroglossum trochilus, nyuma ya mwili ana kishada cha manyoya anachokifungua na kukifunga kama kipepeo cha kujipepea, ukikiona unaapa ni mkia wa ndege. Ni mfupi, mwili mnene kama ncha ya kidole gumba, kahawia, na mabawa ya nyuma yana rangi inayoelekea kwenye chungwa ila anavyopiga kasi unaona kama cheche tu. Mwenzake wa mchana ni Cephonodes hylas, huyu mwili wake una kijani na mabawa yake yanapitisha mwanga kama kioo. Akitoka tu kwenye pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na nondo, mabawa yana magamba ya unga, akiruka mara ya kwanza magamba yanadondoka, kinabaki kioo.

Rangi na ukubwa, jinsi vinavyodanganya

Rangi za chozi dume zinazong'aa sio rangi ya kupakwa. Ule mng'ao wa kijani na bluu unatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa, mwanga unagonga na kurudi, kwahiyo jua likiwa nyuma yako anawaka kama bati jipya, jua likiwa nyuma yake ni ndege mweusi tu. Hapa Moshi mwezi wa saba mawingu yakikaa wiki nzima utasema machozi wote wamebadilika rangi. Na jike ndo kabisa, wengi ni wa kahawia au kijani kilichofifia, hana mng'ao, anapita watu wanasema shomoro.

Wale utakaokutana nao sana majumbani ni hawa. Yule mdogo mwenye kichwa na mgongo wa bluu kijani na tumbo la njano, Cinnyris venustus, ana gramu chini ya kumi, yaani mwepesi mno. Yule mweusi mweusi mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis. Na yule mkubwa wa rangi ya shaba mwenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia, Nectarinia kilimensis, ambaye jina lake la kisayansi limetoka hapa hapa, kwenye mlima wetu. Ukipanda juu kabisa kule kwenye baridi ambako miti imeshaisha kuna mwingine, Nectarinia johnstoni, dume wa kijani mwenye mkia mrefu sana, huyo anaishi na ile mimea mikubwa ya lobelia, anatua juu yake na kula mbochi na wadudu waliomo. Waliopanda Kilimanjaro wakapita kule juu wengi wamempita bila kujua wamepita nini, ukipanda muulize guide wako akuonyeshe.

Ukubwa nao usiuamini, hasa jioni. Nondo wa mchana ni mdogo kuliko chozi yeyote, sawa, lakini yule wa jioni, Agrius convolvuli, akitanua mabawa anaweza kufika sentimita 12 kutoka ncha hadi ncha, na mrija wake ni mrefu kuliko mwili wake wote. Akipita karibu na sikio unasikia mvumo mzito na unainama. Huyo wengi wanasema ni popo.

Hapo saa inasaidia. Chozi ni ndege wa mchana, jua likizama anakwenda kulala. Kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu jioni giza linapoanza kushika, kitu chochote kinachosimama hewani mbele ya ua jeupe lenye harufu ni nondo. Mchana ndo unahitaji macho kwasababu wote wawili wapo kazini.

Na sauti: chozi ni mpiga kelele, anaita, anagombana, anafukuza wenzake kwenye maua kama yamekatiwa hati. Nondo unasikia mabawa tu. Kuna mmoja tu nitamtaja, Acherontia atropos, mwenye alama kama ya fuvu mgongoni, anaingia kwenye mizinga kuiba asali na ukimshika analia kama panya mdogo. Wenye mizinga wakimuona wasiogope ile alama, ni alama tu.

Tumia simu

Vidio ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde. Nondo wa Ulaya wa jamii moja na huyu wetu wa mchana wamepimwa, anapiga mabawa zaidi ya mara 70 kwa sekunde, sasa kila picha moja inabeba mipigo miwili na zaidi, ndo maana unaona ukungu. Weka slomo, yaani vidio ya mwendo wa polepole, kama simu yako inafika picha 240 kwa sekunde tumia hiyo, mchana kwenye jua zuri. Usimfuate na simu, hutamuweza, utarekodi ukuta. Chagua ua moja ambalo hajalifikia bado, gusa skrini pale simu ishike umbali huo, alafu tulia. Atakuja. Petunia za mdogo wangu zilikuwa kama ishirini na yule nondo alizipitia karibu zote.

Kwenye slomo ndo utaona na hili: nondo ana mabawa manne, ya mbele na ya nyuma yameshikana yanapiga pamoja, na miguu sita ameikunja chini ya kifua. Chozi ana mawili, na bawa la chozi ndani ni mkono, lina mfupa wa begani, kiwiko, na vidole vilivyoungana. Nondo hana mfupa hata mmoja, ugumu wake uko nje kwenye ganda, hana hata mapafu, anavuta hewa kwa matundu ya ubavuni. Ukitafuta babu wa pamoja wa hawa wawili unarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 500, huko baharini kabla hakuna ua hata moja duniani. Wadudu walianza kuruka zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ndege wamekuja nyuma sana, kila mmoja kajitafutia bawa lake kivyake. Leo wanakutana kwenye petunia moja Njiro kwasababu ya kazi moja: kufyonza sukari iliyo chini ya bomba refu. Hiki ndo kitu kinachonifanya nisimame njiani kila nikiwaona, kwamba kazi moja inaweza kufinyanga viumbe wawili wasiokuwa na udugu mpaka mtu mwenye macho mazuri awachanganye.

Akikuingilia ndani usiku

Taa inawavuta nondo. Usimpige na kanda mbili. Chukua glasi, mfunike polepole ukutani, ingiza karatasi ngumu kwa chini, una mgeni. Mwangalie hapo kwenye glasi na tochi ya simu: utauona mrija umeviringwa kama spring ya saa, vipapasio vimelala nyuma, na kama ni Agrius utaona tumbo lina mikanda ya waridi na nyeusi pembeni, kitu ambacho akiwa amekunja mabawa huwezi kukidhani, juu yote ni kijivu kama gome. Usimshike mabawa, ule unga unaobaki kwenye vidole ndo magamba yake.

Mara nyingi utamkuta anatetemeka. Mama mkubwa siku moja aliniambia "mwanangu huyu anakufa, mtoe nje". Hafi. Nondo hawezi kuruka misuli ikiwa ya baridi, kwahiyo anatikisa mabawa kidogo kidogo bila kuondoka mpaka kifua kipate joto, na usiku wa baridi wa huku kwetu inamchukua muda. Nilimweka kwenye reli ya baraza, tukasimama na mama mkubwa na kitenge chake mabegani tunamwangalia, anatetemeka, anatetemeka, mtetemo ukawa mwembamba mpaka ukawa mvumo, alafu hayupo. Chozi ni ndege, mwili wake unajitengenezea joto wenyewe.

Watafute na watoto wao

Kama bado una shaka kwamba ni viumbe wawili tofauti, angalia wanavyozaa.

Chozi anajenga kiota kama kimfuko kinachoning'inia, nyasi na majani makavu yameshikwa na utando wa buibui, mlango uko ubavuni, mara nyingi juu ya mlango kuna kipaa kidogo. Anapenda kukitundika karibu na watu, kwenye tawi la barazani, hata kwenye waya wa taa. Kwa juu juu kinaonekana kama takataka zilizonasa, na watu wanaokisafisha hawajui wametupa nini. Kabla hujavuta "takataka" yoyote inayoning'inia, kaa mbali hatua kumi uiangalie robo saa. Ndani mara nyingi kuna mayai mawili tu. Na makinda hawalelewi kwa mbochi peke yake, wanaletewa wadudu na buibui.

Nondo anataga kwenye majani na kuondoka, hana kiota wala malezi. Na mtoto wake unamjua. Yule kiwavi mkubwa wa kijani au kahawia, mwenye pembe moja nyuma, anayekula majani ya viazi vitamu usiku mmoja unakuta vikonyo vitupu, huyo ndo Agrius. Akishiba anaingia ardhini anageuka pupa, na wakati wa kuchimba viazi jembe linamtoa: kitu cha kahawia kinachong'aa, mbele kina kitu kimepinda kama mkono wa jagi. Ule mkono ndo mfuko wa mrija. Nimewaonyesha watu wazima waliolima viazi miaka arobaini, kila msimu wanazitupia kuku, wakashangaa kwamba hicho ndo kinakuja kusimama kwenye maua yao jioni. Kiwavi wa yule mwenye mabawa ya kioo yuko kwenye mibuni na kwenye gadenia, naye ana pembe. Ile pembe haichomi.

Sisemi uache viazi viliwe. Wakiwa wachache waokote kwa mkono, ni wakubwa wanaonekana, fuata mavi yao meusi manene juu ya jani uangalie juu yake, wape kuku baadhi na wachache wahamishie kwenye yale magugu ya jamii ya viazi yanayotambaa kwenye uzio, wanakula vile vile. Ninachoomba ni usipige dawa jioni kwenye kitu chenye maua.

Na sababu yangu kubwa ni mpapai. Kwenye mipapai ya dume na jike, dume ndo wenye chavua, jike ndo wenye tunda, na maua yake meupe yanatoa harufu usiku. Wanaobeba chavua toka kwa dume kwenda kwa jike ni hawa nondo, Kenya wamelifanyia utafiti mashambani na hao ndo waliokutwa wachavushaji wakuu. Mtu anapiga dawa kila wiki alafu anauliza mpapai jike mbona unapukutisha vipapai vikiwa vidogo. Simama chini ya mpapai dume jioni isiyo na upepo, zima taa ya nje, kaa kimya dakika ishirini.

Kama umefuata yote haya na bado huna uhakika, tuma vidio, nitaiangalia, ila ya slomo, na uandike ilikuwa saa ngapi, ua gani, kama alitua hata mara moja, na alipoondoka mdomo ulibaki au ulikunjwa. Mdogo wangu jana kanitumia nyingine, saa mbili asubuhi, kitu kinang'aa kwenye mgomba wa jirani. Hakuuliza. Kaandika tu "kaka huyu katua".